Ramu ya viungo ya Haiti: jina moja, vinywaji vinne

Mtu akikuambia kwamba amekunywa ramu ya viungo ya Haiti, muulize kwanza ilikuwa ipi. Huenda alipimiwa kleren tranpe kando ya barabara, kutoka kwenye chupa iliyojaa magome na mizizi. Huenda alikaribishwa kremas, kinywaji kizito cha maziwa na tui la nazi ambacho familia hupikia Krismasi na Mwaka Mpya. Kama alikuwa makaburini mwanzoni mwa Novemba, huenda aliona, na Mungu amsaidie kama alionja, piman: pilipili kali zilizolowekwa kwenye spiriti tupu. Na kuna uwezekano mkubwa kuliko yote kwamba alinunua uwanja wa ndege chupa ya Barbancourt, ramu ya kahawia iliyokaa miaka kadhaa kwenye pipa, ambayo ni nzuri sana lakini haina kiungo chochote.

Vyote vinne vinatoka kwenye muwa, ndiyo maana watu huvichanganya. Ila ukitaka kuelewa kwa nini kinywaji kilekile Haiti ni dawa, ni tambiko na ni starehe ya jioni, usianze na viungo. Anza na spiriti inayolowekewa viungo hivyo, yaani kleren, na swali la nani aliyekuwa na ardhi ya kupanda miwa.

Kleren ni pombe kali isiyo na rangi, inayopikwa kwa maji ya miwa au kwa shira iliyochemshwa kutokana na maji hayo. Viwanda vyake ni vidogo na vinaitwa gildiv. Vinakadiriwa kuwa zaidi ya 500 nchi nzima, wakati Barbados na Jamaika, zenye jina kubwa zaidi la ramu duniani, kila moja haina hata kumi. Gildiv ya kijijini mara nyingi ni paa la mabati juu ya nguzo. Miwa hukatwa kwa panga, huletwa kwa punda au kwa mkokoteni wa ng'ombe, na hukamuliwa kwenye kinu ambacho pengine kinazungushwa na ng'ombe, pengine na injini ya dizeli. Maji yake humiminwa kwenye mapipa ya mbao au ya plastiki na kuachwa yachache yenyewe. Kwa desturi haitiwi hamira ya kiwandani. Hamira ya porini, ile iliyomo kwenye ganda la muwa na hewani, hufanya kazi hiyo kwa siku kadhaa, hadi harufu ya mapipa inakuwa kali kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kisha yote hupelekwa kwenye mtambo wa shaba uliowekwa juu ya moto, na moto wenyewe huwashwa kwa makapi makavu ya miwa ileile iliyokamuliwa. Kinachodondoka upande wa pili mara nyingi huzidi asilimia 50 ya kilevi na huuzwa hivyohivyo, bila kuongezewa maji.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataniwahi hapa: si ni gongo tu? Kwa namna ya kupika, wanakaribiana. Kwa hadhi, hapana. Gongo hupikwa kwa kujificha, na mpishi wake huishi akisikilizia polisi. Mwenye gildiv ni mtu anayejulikana wilayani, mwajiri wa wakata miwa, na kleren yake hupakiwa kwenye magaloni na kupelekwa sokoni mchana kweupe. Tofauti hiyo haikuja bure.

Kabla ya 1804 Haiti ilikuwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1780 ilikuwa inatoa karibu asilimia 40 ya sukari iliyoliwa Ulaya, kwa jasho la watumwa waliokaribia nusu milioni. Pale palipochemshwa sukari palibaki molasi, na molasi ilipikwa pombe ya hovyo iliyoitwa tafia. Mabwana waligundua mapema kwamba tafia ni rahisi kuliko chakula. Sheria ya Mfalme Louis XIV ya 1685 kuhusu watumwa, iliyojulikana kama Code Noir, ina kifungu cha 23 kinachowakataza mabwana kuwapa watumwa pombe ya miwa badala ya posho ya chakula. Sheria haikatazi jambo ambalo hakuna anayelifanya. Mfalme huyohuyo, mwaka 1713, alipiga marufuku Ufaransa kutengeneza pombe kali kwa kitu chochote kisicho mvinyo, ili kuwalinda wenye mizabibu. Kwa hiyo pombe ya miwa ya koloni ilifungiwa soko la bara ikabaki kunywewa visiwani, na molasi nyingi ikauziwa Wamarekani wa kaskazini.

Kisha yakaja mapinduzi. Agosti 1791, baada ya mkutano wa usiku wa Bwa Kayiman ambako Dutty Boukman aliongoza ibada na kiapo, watumwa wa uwanda wa kaskazini waliwasha mashamba ya miwa. Miaka 12 na zaidi baadaye, tarehe 1 Januari 1804, Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru. Vitabu vingi vya ramu huishia hapo, kisha vinarukia mwaka 1862 alipotokea Dupré Barbancourt, Mfaransa aliyetengeneza ramu kwa kuipika mara mbili kama wanavyopika konyaki kwao. Lakini jambo lenyewe liko katikati.

Viongozi wapya walitaka mashamba makubwa yarudi, maana bila sukari hakuna fedha za kununulia bunduki. Waliokuwa watumwa hawakutaka kusikia. Kwao shamba kubwa la miwa lilikuwa na maana moja tu. Nchi ilipogawanyika, kusini Rais Alexandre Pétion alianza mwaka 1809 kugawa ardhi kwa wanajeshi na wengineo, na kaskazini ngome ya mashamba makubwa ilianguka pamoja na Mfalme Henri Christophe mwaka 1820. Rais Boyer alijaribu tena mwaka 1826 kwa sheria ya kuwafunga wakulima kwenye mashamba ya watu, ikamshinda. Watu walikuwa wameshapanda milima na kuanzisha lakou, yaani uwanja wa ukoo wenye nyumba kadhaa, bustani, makaburi ya wazee na mahali pa ibada. Kufikia miaka hiyo ya 1820 biashara ya kusafirisha sukari ilikuwa imekaribia kufa kabisa.

Muwa wenyewe haukufa. Uliingia kwenye bustani ya mkulima pamoja na ndizi na viazi vitamu, akawa anaukamua kwa matumizi ya nchini: shira, sukari guru iitwayo rapadou, na kleren. Ufaransa ilipoidai Haiti fidia ya faranga milioni 150 mwaka 1825, eti kwa ajili ya mali waliyopoteza mabwana, kahawa ndiyo iliyobeba deni hilo. Kahawa ilikwenda bandarini, muwa ukabaki nyumbani. Ndiyo sababu Haiti ina mamia ya mitambo midogo pale ambapo majirani wana viwanda vichache vikubwa, na ndiyo sababu kleren haikuwahi kuwa pombe ya bwana. Ni pombe ya watu walioupindua muwa ukawatumikia.

Sasa viungo. Tranpe ni kleren iliyolowekwa kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa karibu chochote chenye harufu, uchungu au sifa ya kutibu. Meza ya muuzaji ina chupa za mdomo mpana zimepangwa safu. Katika moja kuna vijiti vya mdalasini, karafuu na anisi ya umbo la nyota, spiriti imegeuka rangi ya chai. Nyingine ina maganda ya ndimu na tangawizi, nyingine pasheni au stafeli. Ile nyeusi-nyekundu iliyojaa vipande vya ubao ni ya bwa kochon, mti wenye utomvu unaonukia, na masimulizi ya zamani husema nguruwe mwitu waliojeruhiwa walikuwa wakijisugua kwenye gome lake ili wapone. Mteja huonyesha kidole, muuzaji huchota kikombe kidogo, na mteja anakunywa hapohapo akiwa amesimama. Chupa ikipungua, huongezwa kleren mpya juu ya magome yaleyale, kwa hiyo chupa inayouzwa leo ina historia ndefu kuliko ladha yake.

Kazi ya spiriti hapa si kulewesha tu. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini, pamoja na utomvu wa magome, hayayeyuki vyema kwenye maji, lakini kilevi cha asilimia 50 huyavuta yote na kuyahifadhi miezi na miezi bila kuoza. Kwenye kijiji kisicho na jokofu wala duka la dawa, chupa ya tranpe ilikuwa kabati la dawa. Doktè fèy, mganga wa majani, alijua gome lipi la tumbo na mzizi upi wa baridi yabisi, na kleren ilimtunzia maarifa yake ndani ya kioo. Kleren hiyohiyo husuguliwa mwilini mtu akiwa na homa au maumivu. Ahadi inayouza kuliko zote, hata hivyo, ni nguvu za kiume. Wauzaji hawana haya, na baadhi ya mchanganyiko huwa na majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sijaona sababu ya kuziamini ahadi hizo. Pombe ya ukali ule ikizidi hufanya kinyume chake kabisa.

Karafuu iliyomo ndani ya chupa hiyo ina njia inayopita karibu nasi. Mwaka 1770 Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa wa kisiwa kinachoitwa leo Morisi, alifanikiwa kutorosha miche ya karafuu kutoka visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi walikuwa wameihodhi. Kutoka Morisi mbegu zilikwenda Guyana ya Kifaransa, upande wa Karibiani, na mwanzoni mwa karne ya 19 zikafika Zanzibar. Meli za Wafaransa haohao hazikubeba miche tu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa watu waliotolewa pwani yetu waliishia Morisi na Reunion, lakini katika miaka ya 1780 meli zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue, zikiwa na watu waliosajiliwa huko kwa jina la Wamozambiki. Hawakuwa wengi kama watu wa Kongo, ambao ndio walioijaza koloni katika miaka ya mwisho. Walikuwepo, hata hivyo.

Watu hawa wote walibeba dini zao, na hapo ndipo tranpe inapoacha kuwa suala la ladha. Vodou ya Haiti imesukwa na ibada za Wafon na Wayoruba wa Afrika Magharibi, za Wakongo, na za Ukatoliki wa mabwana. Ina lwa, yaani nguvu au mizimu inayosimama kati ya Mungu na watu, na kila lwa ana chakula chake, rangi yake na kinywaji chake. Wageni hudhani kwamba Vodou ni ramu tu, na si kweli. Danbala, nyoka mzee, hupewa vitu vyeupe: yai, unga, shira ya lozi. Ezili Freda hutaka manukato na vinywaji vitamu vya kistaarabu, na ukimletea kleren unamtusi. Ogou, mwenye chuma na vita, yeye ni wa ramu. Waumini humwagia ramu hiyo chini, huiwasha moto, na aliyepandwa naye hunawa mikono kwa ule moto wa buluu.

Lakini mwenye kleren hasa ni Gede. Hawa ni mizimu ya wafu, wakiongozwa na Baron Samdi na mkewe Gran Brijit, na sikukuu yao ni tarehe 1 na 2 Novemba, siku ambazo Kanisa linawakumbuka watakatifu na marehemu. Kwenye makaburi makuu ya Port-au-Prince umati hujaa tangu asubuhi. Watu huvaa nyeusi na zambarau, nyuso zimepakwa unga mweupe, wengine na miwani myeusi iliyotolewa kioo kimoja. Msalaba wa Baron huwekewa kahawa chungu, mkate, mishumaa, na humwagiwa kleren. Gede akipanda kichwani mwa mtu, huyo mtu huanza kuongea puani, kutoa matusi ya nguoni, kucheza ngoma iitwayo banda kwa kukata kiuno, na kudai piman yake.

Piman ni kleren iliyolowekwa pilipili mbuzi na jamaa zake wakali, na kwa desturi husemwa ziwe 21. Aliye mzima hawezi kuinywa, na ndiyo shabaha yenyewe. Mtu anayedai amepandisha hupewa chupa. Gede wa kweli hupiga funda, kisha hujimiminia mkononi akajipaka usoni, machoni, hata sehemu za siri, huku akicheka. Anayeigiza hupepesa macho kabla chupa haijamfikia, na watu humzomea. Kwa hiyo pilipili ile ni kipimo cha ukweli. Ni pia jibu la kimantiki kwa swali la wafu: mzimu umetoka kaburini, mahali pa baridi, unahitaji kitu cha kuupasha moto. Nikiambiwa nichague kinywaji kimoja kinachostahili kuitwa ramu ya viungo ya Haiti kwa maana yake ya ndani, ningechagua hiki ambacho hakuna baa itakayokiuza.

Nje ya ibada kleren ipo kila mahali pa kukusanyikia. Katika konbit, kazi ya shamba ya kusaidiana, mwenye shamba huwapa wenzake chakula na kleren, na ngoma hupigwa ili majembe yaende pamoja. Wakati wa Kwaresima hadi Pasaka vikundi vya rara hutembea usiku kucha na baragumu za mianzi, hasa maeneo ya Léogâne kwenye miwa mingi, na chupa hupita mkono kwa mkono. Tone la kwanza huenda ardhini, kwa waliotangulia. Mtu hulifanya hata akiwa Mprotestanti asiyetaka kusikia habari za Vodou, mradi hakuna mchungaji anayemwangalia.

Kitu kinachoshikamana hivi na dini, ardhi na fedha za mkulima hakikosi maadui. Sheria ya 1835 iliharamisha mambo iliyoyaita ya uchawi, na ibada ikajificha. Marekani ilipoikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, kampuni ya sukari ya Kimarekani iliyoitwa HASCO ilikuwa tayari inataka miwa kwa wingi, na utawala uliweka mwaka 1928 ushuru mpya wa pombe na tumbaku uliowabana wenye gildiv ndogo. Ushuru ule ulikuwa miongoni mwa malalamiko ya wakulima zaidi ya elfu moja walioandamana karibu na Les Cayes, mahali paitwapo Marchaterre, tarehe 6 Desemba 1929. Askari wa Marekani wakawapiga risasi, na watu wasiopungua 12 walikufa. Mwaka 1941 na 1942 Kanisa Katoliki, likisaidiwa na serikali, liliendesha kampeni ya kufuta ushirikina: ngoma zilichomwa, madhabahu zikavunjwa, waumini wakalazimishwa kula kiapo cha kuikana Vodou. Ni mwaka 2003 tu ndipo serikali ilipoitambua Vodou rasmi kuwa dini, na makuhani wake wakapewa haki ya kufungisha ndoa na kuzika.

Kremas haihitaji maelezo marefu. Ni tui la nazi, maziwa mazito ya kopo, kungumanga, mdalasini, vanila na ganda la ndimu, vikichanganywa na kleren au ramu. Kila nyumba inajua kwamba ya kwao ndiyo bora, na huliwa meza moja na supu ya maboga ya tarehe 1 Januari, siku ya uhuru.

Adui wa leo hana bunduki wala msalaba. Ni spiriti ya viwandani inayoagizwa kutoka nje kwa bei ya chini. Mfanyabiashara huichanganya na maji, akaiuza kama kleren, na ndani ya tranpe yenye magome mengi ni wachache wanaoweza kuitambua. Mwenye gildiv, ambaye lazima akate miwa na kungoja hamira, hawezi kushindana na bei hiyo. Zaidi ya hapo, magenge yenye silaha yamekata barabara zinazounganisha mikoa na mji mkuu, na galoni ya kusini ikifika Port-au-Prince inakuwa imelipa njiani zaidi ya thamani yake.

Upande mwingine, katika miaka ya 2010 Mwitaliano Luca Gargano wa kampuni ya Velier alianza kuziuza Ulaya na Marekani kleren za wapishi wachache kwa majina yao: Michel Sajous wa Saint-Michel-de-l'Attalaye, Fritz Vaval wa Cavaillon, Faubert Casimir wa Baradères. Wajuzi wa ramu walishangaa kukuta aina za zamani za miwa na hamira ya porini. Jambo hilo limewapa wapishi hao bei ambayo baba zao hawakuiota, na sioni ubaya wake. Ila kinachosafirishwa ni kleren nyeupe. Tranpe ya mtaani haikupakiwa pamoja nazo: mapishi yake ni ya muuzaji na hubadilika kila chupa, na gome lisilo na jina kwenye fomu ni vigumu kulipitisha forodhani.

Isipokuwa kwa Casimir. Yeye hutia majani ya mchaichai na mdalasini, na mara nyingine tangawizi, ndani ya maji ya miwa yanapokuwa bado yanachacha, kabla ya moto. Kinachodondoka ni cheupe kama maji, kinapita forodhani kama kleren ya kawaida, na viungo vimo ndani.